Simba wa Tsavo: Lisemwalo Lipo, Lakini Lipo Kiasi Gani?



Wahenga wetu walituachia msemo kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ni msemo mzuri, lakini kuna mambo mawili haukutuambia. Haukutuambia kwamba lisemwalo, hata likiwapo, huenda lipo kwa kiasi cha punje ilhali linasemwa kwa kiasi cha gunia. Wala haukutuambia kwamba wakati mwingine lile kubwa kuliko yote ndilo lisilosemwa kabisa. Leo nataka tuupime msemo huo kwa kutumia filamu moja ambayo wengi wenu mmeiona, ama katika mikanda ya video enzi zile, ama kwenye televisheni nyumbani, ama kwenye kibanda ambako msimulizi huitafsiri kwa Kiswahili na kuitia chumvi yake mwenyewe.

Filamu hiyo inaitwa The Ghost and the Darkness, na ilitolewa mwaka 1996. Majina hayo ni ya simba wawili: mmoja Mzuka, mwingine Giza. Iliandikwa na Mmarekani William Goldman, ikaongozwa na Stephen Hopkins, na waigizaji wake wakuu ni Val Kilmer na Michael Douglas. Inahusu simba wawili waliokula watu pale Tsavo, nchini Kenya, mwaka 1898, wakati reli ya Uganda ilipokuwa ikijengwa kutoka Mombasa kwenda Ziwa Victoria.

Kila inapoonyeshwa, ubishi huzuka. Mmoja atasema hiyo ni kweli tupu, babu yake alimsimulia. Mwingine atasema huo ni uongo wa watu wa Hollywood, simba gani afanye vile? Na filamu yenyewe ndiyo iliyochokoza ubishi huo, maana mwanzoni kabisa msimulizi anatutaka tukumbuke kwamba hata yale yasiyoelekea kuwezekana yalitokea kweli. Hayo, ndugu msikilizaji, ni madai mazito. Mtu akikuuzia mbuzi huku anaapa kwamba ni mzima, una haki ya kumfunua mbuzi mdomo na kumtazama meno. Basi nasi tuifunue filamu hii mdomo.

Kwa wale wasiokijua, kisa chenyewe ni hiki. Mnamo Machi 1898, mhandisi aliyekuwa pia mwanajeshi wa Uingereza, John Henry Patterson, alifika Tsavo kusimamia ujenzi wa daraja la reli juu ya mto wa jina hilo. Muda si mrefu simba wawili madume wakaanza kuingia kambini usiku na kuchukua wafanyakazi, wengi wao wakiwa makuli walioletwa kutoka Bara Hindi kwa mkataba. Boma za miiba zikajengwa, mioto ikawashwa, madebe yakapigwa, simba hawakujali. Tarehe 1 Desemba mamia ya wafanyakazi wakakimbia, na kazi ya daraja ikasimama kwa wiki tatu hivi. Tarehe 9 Desemba Patterson alimwua simba wa kwanza, na tarehe 29 mwezi huo huo akamwua wa pili. Habari hiyo ilifika hadi Bungeni London, ambako Waziri Mkuu wa wakati huo, Lord Salisbury, aliieleza.

Mwaka 1907 Patterson alichapisha kitabu, The Man-Eaters of Tsavo, na hapo ndipo kisa kilipoanza safari yake ya kuwa hekaya. Hata kabla ya filamu tunayoizungumzia, Wamarekani walikuwa wamekwisha kukitumia mwaka 1952 katika filamu iitwayo Bwana Devil, moja ya zile filamu za kwanza za kutazamwa kwa miwani maalumu ili simba aonekane anakurukia mpaka kitini.

Sasa tuanze kupima. Ukisikiliza wabishi wa vijiweni utagundua kwamba mara nyingi wanapinga mahali pasipostahili kupingwa, na wanakubali mahali pasipostahili kukubaliwa.

Chukua mfano wa mtego. Katika filamu umetengenezwa mtego wa vyuma. Upande mmoja wanakaa watu wenye bunduki, nao ndio chambo. Upande wa pili simba anaingia, na mlango unaanguka nyuma yake. Simba kanaswa. Watu wenye bunduki wako hatua chache tu kutoka kwake. Wanafyatua risasi baada ya risasi, wanamkosa, na simba anatoroka. Hapo ndipo watazamaji wengi huguna na kusema, sasa hapa wametudanganya.

Lakini jambo hilo Patterson ameliandika katika kitabu chake. Aliunda mtego kwa mataruma na vyuma vya reli, akaweka askari ndani, simba akaingia. Askari wakapigwa na bumbuwazi. Walipokuja kufyatua, walipiga kila upande isipokuwa pale alipokuwa simba, risasi moja ikang'oa nondo mojawapo, na mnyama akaenda zake. Na tukifikiri vizuri, si ajabu. Mtu aliyefungiwa gizani, na simba ananguruma upande wa pili wa nondo, hana mikono ya mtu anayelenga shabaha kwenye uwanja wa mazoezi.

Au chukua mfano wa bundi. Katika filamu, Patterson amekaa usiku juu ya dungu akimvizia simba, mara bundi anamgonga naye anaanguka chini. Unasema, hii tena sinema. Lakini kitabuni bundi yumo. Patterson anaeleza kwamba alikuwa ametulia tuli juu ya dungu bovu la miti, simba akimzunguka badala ya yeye kumzunguka simba, na ndege huyo akampiga kisogoni, yumkini kwa kumdhania kuwa ni tawi. Patterson hakuanguka, alishtuka nusura aanguke. Filamu imeongeza tu yale maanguko.

Au wafanyakazi wanaokimbia kwa treni. Hilo nalo limo kitabuni, tena kitabuni ni kali kuliko katika filamu. Walijitupa juu ya reli mbele ya treni iliyokuwa ikipita ili isimame, kisha wakarukia mabehewa na kurudi pwani. Kabla ya hapo walikuwa wamekwisha kumwambia Patterson kwamba walitoka kwao kuja kufanya kazi ya serikali, hawakuja kuwa chakula cha simba wala cha shetani.

Hapa tunapata kipimo cha kwanza. Mtunga hadithi hapendi shujaa wake aonekane mjinga. Kwa hiyo jambo la aibu, la bahati mbaya au la kuchekesha, mara nyingi huwa limebaki ndani ya hadithi kwa sababu lilitokea. Nani angebuni mtego uliofaulu kumnasa simba ukashindwa kumwua? Nani angebuni bundi?

Kinyume chake, jambo linalofaa mno, linalokuja kwa wakati wake na kuondoka kwa wakati wake, hilo ndilo la kutilia shaka. Katika filamu yumo mwindaji mashuhuri wa Kimarekani aitwaye Remington, ambaye ni Michael Douglas. Anaingia wakati Patterson ameelemewa. Anasema maneno ya hekima. Anasaidia kumwua simba wa kwanza. Kisha anauawa, ili Patterson abaki peke yake na simba wa pili na sisi tushike roho mikononi. Mtu wa namna hiyo hakuwapo Tsavo. Mgeni anayekuja pazia likifunguliwa na kufa kabla halijafungwa, ndugu msikilizaji, huyo ni mtoto wa mwandishi.

Remington anakuja na mashujaa wa Kimasai na mikuki yao. Picha inapendeza. Lakini Tsavo ni nchi ya Wakamba na Wataita, nao katika filamu hiyo huwaoni. Hata mahali penyewe si Tsavo. Filamu ilipigwa Afrika Kusini. Na simba unaowaona wana manyoya marefu shingoni, kama yule wa kwenye nembo. Simba halisi wa Tsavo hawakuwa nayo. Madume wa sehemu zile za joto na miiba mara nyingi huwa na manyoya machache sana shingoni au hawana kabisa. Ngozi zao zipo hadi leo katika makumbusho ya Field Museum mjini Chicago, ambako Patterson aliziuza kwa dola 5,000 katika miaka ya 1920. Kabla ya hapo, kwa takriban miaka 25, zilikuwa mazulia nyumbani kwake. Zilikuwa zimekatwa kingo, na ndiyo sababu simba waliosimamishwa pale Chicago ni wadogo kuliko walivyokuwa hai. Huyo wa kwanza alikuwa na urefu wa karibu mita 3 kutoka puani hadi ncha ya mkia.

Lipo pia lile pango. Katika filamu mashujaa wetu wanaingia pango la simba na kukuta limejaa mifupa ya watu, na hapo tunaelezwa kwamba simba hawa hawaui kwa njaa bali kwa kupenda kuua. Patterson kweli aliandika juu ya pango lenye mifupa, na picha akapiga. Lakini watafiti waliokwenda Tsavo miaka ya karibuni wametilia shaka kama hilo lilikuwa pango la simba, kwa sababu simba hana desturi ya kubeba mifupa kuirudisha kwake. Fisi ndiye mwenye tabia hiyo. Aidha, Wataita walikuwa na mila ya kuhifadhi mafuvu ya wazee wao katika mapango. Hebu fikiri: huenda mahali pa heshima pa watu wa nchi ile ndipo palipogeuzwa jikoni kwa simba na mgeni aliyepita na kamera yake.

Hayo yote ni madogo. Mwenye filamu ana ruhusa ya kupamba, kama msimulizi wetu wa kibandani alivyo na ruhusa. Tatizo kubwa liko kwenye hesabu.

Ukiuliza leo simba wa Tsavo walikula watu wangapi, wengi watakujibu 135. Ndiyo hesabu inayokwenda na hekaya hii popote inapopita. Ilitoka wapi? Katika kitabu cha mwaka 1907, Patterson alisema Wahindi 28 waliuawa, pamoja na Waafrika wengi ambao hakuna aliyeweka kumbukumbu rasmi za vifo vyao. Miaka ikapita. Mwaka 1925, ngozi zikiwa zimekwisha kuuzwa Chicago, Patterson aliandika kijitabu kwa ajili ya makumbusho, na humo ndimo tunamokuta 135. Simba walikuwa wamekwisha kufa miaka 27, lakini hesabu ya waliowala ilikuwa bado inakua.

Bahati nzuri, simba hawa waliacha shahidi ambaye hakuandika kitabu wala hakuuza ngozi. Shahidi huyo ni miili yao wenyewe. Chakula anachokula mnyama huacha alama katika mifupa na manyoya yake, na alama hiyo hupimika maabara. Mwaka 2009 wanasayansi walichapisha vipimo vyao. Walikadiria kwamba simba wale wawili walikula watu wapatao 35, mmoja wao akiwa amekula 24 hivi na mwenzake 11 hivi. Walisema pia kwamba makadirio yanaweza kupanda hadi 72 au kushuka sana. Kumbuka hao ni walioliwa. Aliyeuawa na kuachwa hahesabiki kwa njia hiyo. Hata hivyo, 135 iko mbali. Mwaka 2024 wengine wakachunguza vipande vya manyoya vilivyokwama katika meno yao yaliyovunjika. Walikuta nywele za binadamu, ndiyo, lakini pia manyoya ya twiga, choroa, kuro, nyumbu na pundamilia. Kwa hiyo hawakuwa mashetani waliokuja duniani kwa ajili ya watu tu. Walikuwa simba.

Kwa nini basi waligeukia watu? Sababu zinazotajwa hazina uchawi. Mmoja wao alikuwa na chonge lililovunjika na jipu kwenye mzizi wake, na mwenye maumivu ya jino hapigani na nyati. Sotoka ilikuwa imepita Afrika Mashariki miaka ya mwanzo ya 1890 ikafagia ng'ombe na nyati kwa wingi. Njia hiyo ya Tsavo ilikuwa ya misafara, ikiwemo ya watumwa na pembe, na waliokufa njiani waliachwa porini. Kisha ikaja reli na kulaza maelfu ya watu katika mahema, kwa maili nyingi, nyuma ya miiba tu. Simba alizoezwa, kisha akaandaliwa meza.

Turudi kwenye ile hesabu ya Patterson: Wahindi 28, na Waafrika ambao hawakuandikwa. Sentensi hiyo ndiyo moyo wa jambo langu la leo.

Wahindi walihesabiwa kwa sababu walikuwa na mkataba. Kila mmoja alikuwa na jina katika daftari, mshahara uliopaswa kulipwa au kukatwa, na nauli ya kumrudisha kwao. Ndiyo maana tunalijua hata jina la Ungan Singh, jemadari wa Kisingasinga aliyenyakuliwa ndani ya hema mbele ya wenzake. Mwafrika aliyechukuliwa usiku huo huo kando ya moto wake, au katika kijiji cha jirani, hakuwa na daftari. Kwa hiyo hakufa kwa hesabu. Kilio chake kilibaki nyumbani kwake.

Na hapa ndipo hekaya ilipopata nafasi ya kunenepa. Pengo la wasioandikwa unaweza kulijaza na idadi yoyote unayotaka. Ukitaka simba wako watishe, unasema 135, na hakuna atakayekuonyesha orodha ya kukupinga. Waafrika wale hawakuhesabiwa walipokufa kwa sababu hawakuwa na thamani kwa wajenzi wa reli. Waliporudishwa kwenye hesabu miaka 27 baadaye, walirudishwa bila majina, ili wampe simba sifa na mwindaji wake pia.

Filamu imefanyaje? Imempa Mwafrika sauti. Msimulizi wake ni Samuel, anayechezwa na John Kani wa Afrika Kusini, mwigizaji stadi. Samuel ana busara, ana utani, ndiye anayefungua na kufunga kisa. Lakini Samuel ni wa kubuniwa. Hivyo ukitafuta ndani ya filamu ile Mwafrika mwenye jina, unampata yule ambaye hakuwapo. Waliokuwapo bado hawana majina. Ukiniuliza mimi ni kitu gani katika filamu hii hakiaminiki, sitakutajia mtego wala bundi. Nitakuambia hilo.

Kuna hesabu nyingine ambayo filamu haikutaka kuigusa. Kwa ujenzi wa reli ile waliletwa Wahindi karibu 32,000. Kati yao karibu 2,500 walikufa, na zaidi ya 6,000 wakarudishwa kwao wakiwa wagonjwa au vilema. Waliuawa na nini? Malaria, kuhara damu, vidonda, ajali za kazi. Simba waliua 28. Piga hesabu mwenyewe: kwa kila Mhindi mmoja aliyechukuliwa na simba wa Tsavo, zaidi ya themanini walikufa kwa mambo mengine kwenye reli hiyo. Lakini mbu hana mngurumo, na maji machafu hayana meno. Huwezi kumpiga picha Val Kilmer amesimama na bunduki akimtazama mbu. Basi wale themanini hawamo, na mtazamaji anatoka akiamini kwamba adui wa mjenga reli alikuwa simba.

Pengine utasema, ndugu msikilizaji, filamu ni burudani, kwa nini tuichambue kama kesi mahakamani? Nakubali ni burudani. Ilipewa hata tuzo ya Oscar kwa uhariri wa sauti, na aliyesikia ile miungurumo atakubali ilistahili. Lakini sisi wa huku hatuna bahati ya kulichukulia jambo la simba kama burudani tu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la Nature ulionyesha kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua watu wasiopungua 563 nchini Tanzania na kujeruhi wasiopungua 308. Wengi walikuwa wa kusini, Lindi na Rufiji miongoni mwao. Hao si watu wa hekaya. Ni wakulima. Walishambuliwa hasa msimu wa mavuno, wakati mtu analazimika kulala shambani, juu ya dungu au ndani ya kibanda cha makuti, ili nguruwe mwitu wasimalize mahindi na mpunga. Simba anamfuata nguruwe, nguruwe anafuata mahindi, mtu analinda mahindi. Hapo wanakutana wote watatu gizani. Huko Rufiji simba mmoja aliyeuawa Aprili 2004, baada ya watu zaidi ya 30 kupoteza maisha, alikutwa na jipu kwenye gego. Jino tena, kama Tsavo.

Hiyo 563 ni zaidi ya mara nne ya ile 135 ya hekaya, na ni ya watu waliohesabiwa. Je, nani amewatengenezea filamu? Nani anajua jina la hata mmoja wao, nje ya kijiji chake?

Lipo na jambo la hatari zaidi. Filamu inapenda sana kuwaita simba wale mashetani. Ni kweli kwamba wafanyakazi wa mwaka 1898 waliamini hivyo. Patterson anaandika kwamba walisema ni roho za machifu wa zamani waliochukizwa na reli. Katika sinema imani hiyo inatia nakshi. Kijijini inaua. Huko Muidumbe, kaskazini mwa Msumbiji, simba walipoua watu katika miaka ya 2002 na 2003, wananchi waliamini kwamba ni simba wa kutengenezwa, wakawageukia wenzao waliowashuku na kuwaua. Simba aliua, na hekaya ikaongeza maiti wengine. Kwetu kusini nako habari za simba wa kutumwa si ngeni. Aliyepoteza mtoto anatafuta wa kumlaumu, na jirani mzee yuko karibu kuliko simba.

Mara tu unaposema huyu ni shetani, umefunga mlango wa maswali. Kwa nini watu walilazwa katika mahema mwaka 1898? Kwa nini mkulima analala juu ya dungu la fito tano mwaka hadi mwaka? Bunduki ya bwana nyama iko umbali gani, na inachukua siku ngapi kufika? Shetani hajibu maswali hayo. Serikali na halmashauri zinaweza kuyajibu, ndiyo maana wakati mwingine shetani huwa na marafiki wengi maofisini.

Basi tutaitazamaje filamu ya hekaya? Sisemi tusiitazame. Itazame, tena ufurahi. Lakini ikiisha, jiulize maswali matatu. Kwanza, haya nimeyapata kwa nani, naye alipata nini kwa kuyasimulia? Hapa karibu yote yametoka kwa mtu mmoja, naye ndiye shujaa wa kisa chake mwenyewe. Pili, ni kipi kimekuja kwa wakati mzuri mno? Hicho kishuku. Tatu, na hili ndilo kubwa, nani alikuwapo mahali pale na simwoni? Ukiuliza la tatu utakuta kwamba uongo mkubwa wa hekaya mara nyingi hauko katika yale iliyoongeza. Uko katika wale iliyowaacha nje ya boma.

Mwisho wa filamu Samuel anatuambia kwamba simba wale bado wapo Chicago, na kwamba hata leo ukithubutu kuwatazama machoni, utaogopa. Macho hayo, ndugu msikilizaji, ni ya kioo, yalitengenezwa na fundi. Mimi nikipita Tsavo, kwa basi au kwa treni, sitawaza macho ya simba. Nitawaza wale waliolala kandokando ya njia ile, wenye daftari na wasio na daftari, ambao tuta lile lilijengwa kwa mikono yao. Na leo usiku, mahali fulani Lindi au Rufiji, kuna mtu anapanda dungu lake kulinda mahindi. Huyo tumwandike jina lake angali hai.

Lisemwalo lipo, ndiyo. Lakini tuulize pia lile lisilosemwa.